Udokozi peke yake haupimi gadi

Ndugu Mhariri,

Kila Machi, michuano ya NCAA (chama cha michezo ya vyuo) inapoanza huko Marekani, mabishano kuhusu gadi, yule mchezaji wa nje anayeongoza mpira, aliyekaba vizuri kuliko wote katika kikapu cha vyuo hufufuka, na karibu kila mara humalizwa kwa tarakimu moja: udokozi, yaani idadi ya mipira aliyowapora wapinzani. Jacob Gilyard wa Richmond ana 466, John Linehan wa Providence aliyeshika rekodi kabla yake ana 385, Gary Payton wa Oregon State ana 321. Basi, Gilyard ndiye baba lao. Hesabu hiyo imetoboka sehemu nyingi.

Daftari lenyewe ni la juzi. NCAA ilianza kuweka takwimu rasmi za udokozi na bloku (mitupo iliyozuiwa) msimu wa 1985-86. K.C. Jones, aliyecheza na Bill Russell pale San Francisco na kutwaa ubingwa wa 1955, hayumo. Quinn Buckner, gadi wa Indiana iliyomaliza msimu wa 1976 kwa kushinda mechi zote 32, hayumo. Anayewaruka kwa sababu hiyo anampima karani, si mchezaji.

Halafu kuna urefu wa safari. Gilyard alicheza misimu 5, kwa kuwa wachezaji wa kipindi cha korona waliongezewa mwaka. Mookie Blaylock alichezea Oklahoma misimu 2 tu, akadokoa mipira 150 msimu wa 1987-88 na 131 uliofuata. Kwa msimu mmoja hiyo ni wastani wa 140 dhidi ya 93 wa Gilyard. Lakini msimvishe Blaylock taji haraka. Oklahoma ile ilikuwa ikifunga zaidi ya pointi 100 kwa mechi na kubana uwanja mzima. Mpira ulibadili mikono mara nyingi kuliko leo, na kila shambulizi la wapinzani ni nafasi nyingine ya kudokoa.

Dawa yake ni kugawa kwa idadi ya mashambulizi. Chukua mitupo yote ya uwanjani ya wapinzani, toa ribaundi zao za kushambulia (mipira waliyoidaka wenyewe baada ya kukosa), ongeza mipira waliyopoteza, kisha ongeza mitupo huru yao baada ya kuizidisha kwa 0.475. Zidisha jibu kwa dakika alizocheza gadi, gawa kwa dakika 40 za mechi: hayo ndiyo mashambulizi aliyokabili. Kisha gawa udokozi wake kwa mashambulizi hayo. Gadi wa udokozi 2.5 kwa mechi, aliyecheza dakika 34 wapinzani wakishambulia mara 80, amekabili mashambulizi 68. Mwenzake wa udokozi 2.0, dakika zilezile 34 lakini wapinzani wakishambulia mara 64, amekabili 54.4. Wote wawili wanapata asilimia 3.7. Kwenye jedwali la gazeti mmoja anaonekana kamwacha mwenzake kwa robo nzima, kumbe wako sawa. Wengi huharibu kwa kusahau kutoa zile ribaundi za kushambulia: timu ikikosa, ikadaka na kutupa tena, hilo bado ni shambulizi moja.

Hata hivyo asilimia haisemi kanuni zilikuwaje, na hapa ndipo zama zinapotofautiana hasa. Kabla ya 1985-86 vyuo havikuwa na saa moja ya kushambulia, ile inayoilazimisha timu itupe kabla ya muda kwisha, kwa nchi nzima. Fainali ya ligi ya ACC ya 1982 kati ya North Carolina na Virginia iliisha 47-45, mpira ukishikiliwa makusudi dakika nyingi. Gadi wa siku zile alimkimbiza mwenye mpira bila saa ya kumwokoa. Sekunde 45 zilikuja 1985-86, zikapungua hadi 35 msimu wa 1993-94, na 30 msimu wa 2015-16. Leo gadi akimbana mpinzani tangu mwanzo mpaka akavuka mstari wa kati sekunde ya 9, timu hiyo imebakiwa na 21 za kupanga shambulizi. Kazi hiyo haiandikwi popote.

Mstari wa pointi tatu nao umehama: mita 6.02 msimu wa 1986-87, mita 6.32 msimu wa 2008-09, mita 6.75 msimu wa 2019-20. Sentimita 73 zinaonekana ndogo kwenye karatasi. Muulize gadi aliyeingia kusaidia chini ya ringi, kisha pasi ikatoka nje: anapaswa kukimbia hatua kubwa, amalizie kwa hatua fupi fupi mkono mmoja juu. Akifika kwa kasi bila kufunga breki, mtupaji anadanganya kutupa na kumpita.

Kuhusu mikono, waamuzi wa miaka ya 80 na 90 waliachia mengi. Mlinzi aliweka kiganja au mkono wake kiunoni mwa mwenye mpira na kumwelekeza alikotaka. Msimu wa 2013-14 vyuo vikakaza: kuacha mkono juu ya mwenye mpira, kumshika kwa mikono miwili, au kumgusagusa kila mara, vyote ni faulo. Tangu hapo ukabaji wa gadi umehamia miguuni.

Mtazame Davion Mitchell wa Baylor, bingwa wa 2021. Baylor ilikataza mpira kupita katikati: gadi huweka mbele mguu wa upande wa katikati na kumsukumia mpinzani kwenye mstari wa mwisho, ambako msaidizi wa upande wa pili anamsubiri. Ubovu wa mbinu hii ni nyonga. Ukiifungua, yaani ukiigeuza pembeni, kabla mpinzani hajadunda, umempa njia, msaidizi anachelewa, na pasi inakwenda kona ya pili kwa mtupaji aliyeachwa peke yake. Mitchell alisubiri mdundo wa kwanza, ndipo akateleza, kifua mbele ya mpira, mikono nje ya mwili wa mpinzani.

Matisse Thybulle wa Washington ni habari nyingine. Udokozi wake wa 126 msimu wa 2018-19 ulitoka katika zoni ya 2-3, ambapo wawili mbele na watatu nyuma hulinda eneo badala ya mtu, mikono mirefu ikisubiri pasi. Alimpita Payton katika rekodi ya ligi yao, 331 kwa 321, lakini kudokoa pasi ukiwa kwenye zoni na kumnyang'anya mtu mpira anaoudunda si ufundi mmoja.

Na nani yuko nyuma? Hapa Watanzania tuna mfano wetu. Hasheem Thabeet, mwenye mita 2.21, alikuwa na wastani wa bloku zaidi ya 4 kwa mechi msimu wa 2008-09 akiwa Connecticut. Gadi mwenye mtu wa namna hiyo nyuma yake anaweza kumkaba mtu kifua kwa kifua. Akipitwa, kosa lake linafutwa. Gadi asiye naye inabidi arudi hatua moja, na udokozi wake unashuka bila yeye kuwa dhaifu.

Nikibanwa nichague, kwa kupora mpira nampa Blaylock, kwa kumzima mtu mmoja usiku mzima nampa Mitchell, na Jevon Carter wa West Virginia nampa nafasi juu ya Gilyard, kwa sababu sehemu kubwa ya udokozi wake ulikuwa katika presha ya uwanja mzima baada ya kanuni za 2013.

Ombi langu kwa dawati lenu la michezo: mkichapisha tena jedwali la udokozi, ongezeni safu mbili, dakika na mashambulizi ya wapinzani. Nafasi ikiruhusu, safu ya tatu iwe ya faulo.

Msomaji wenu,
Kinondoni, Dar es Salaam