Kaka, mrudishie kijana fimbo yake

Kaka, shikamoo.

Mama kaniambia umemnyang'anya kijana fimbo na kumpiga marufuku kusogelea meza ya pool pale Chang'ombe. Sababu zako nazijua: pana pombe, pana kamari, na watu wazima wanashinda pale tangu asubuhi. Sibishi hata moja. Ila umeuhukumu mchezo kwa sababu ya watu wanaouzunguka. Naandika hadharani kwa kuwa wazazi wengi hapa Dodoma wana msimamo kama wako.

Yuko Mchina mmoja, Ding Junhui, mzaliwa wa Yixing, mwaka 1987. Mchezo wake ni snuka, wa ukoo mmoja na pool, ila mgumu zaidi: meza ina urefu wa futi 12, mipira ni 22, na mashimo hayasamehe. Baba yake alipoona mtoto ana mkono, wakahamia kusini kufuata mazoezi, na familia ikauza nyumba. Aprili 2005, siku mbili baada ya kutimiza miaka 18, alimfunga Stephen Hendry, bingwa wa dunia mara saba, 9-5 katika fainali ya China Open mjini Beijing. Desemba akachukua UK Championship mbele ya Steve Davis, bingwa wa dunia mara sita.

Lakini kilichonigusa mimi ni Januari 2007. Fainali ya Masters, moja ya mashindano makubwa ya snuka, ukumbi wa Wembley, London, na ukumbi mzima uko upande wa Mwingereza Ronnie O'Sullivan. Katika snuka, mwenzako akiwa mezani wewe unakaa kitini, huna la kufanya ila kutazama. Ding alikaa, akatazama, akapigwa 10-3, machozi yakamtoka mbele ya watu. Alikuwa na miaka 19! Mwaka 2011 alirudi palepale Wembley na kulibeba kombe lilelile. Desemba 2014 akawa namba moja duniani. Ubingwa wa dunia wenyewe haukumpata. Mwaka 2016 alifika fainali, Mark Selby akamzidi 18-14. Mwaka 2025 Zhao Xintong, Mchina mwenzake, ndiye aliyekuwa Mwasia wa kwanza kuutwaa. Mimi siamini angefika huko bila Ding kutangulia.

Tena kuna jambo ambalo wewe, mtu wa msikitini, utalipenda. Mchezaji wa snuka akigusa mpira hata kwa mkono wa shati, anatarajiwa kujitaja mwenyewe, refa ameona au hajaona. Pointi zinakwenda kwa mpinzani, naye anarudi kukaa. Nionyeshe mchezo mwingine anaoupenda kijana wetu unaomdai hivyo. Kwenye mpira wa miguu tunawashangilia wanaojiangusha.

Sikuambii uuze kiwanja cha Ihumwa. Huku kwetu hata meza ya snuka ya kufanyia mazoezi ni shida kuipata, na kijana ana mtihani wa kidato cha nne mbele yake. Shule ibaki palepale. Ninachoomba ni Jumamosi tu. Nitampitia mwenyewe saa nne asubuhi, nimpeleke kwenye meza isiyo na baa, na saa nane atakuwa amerudi nyumbani. Gharama za meza ni juu yangu, na akicheza kwa pesa hata mara moja, fimbo nitakukabidhi mwenyewe.

Shemeji msalimie sana. Nijibu kabla ya Ijumaa.