Hesabu za mjukuu wako

Bristol
Jumapili jioni

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zetu, umfikishie Mama na wote hapo Lanet. Sisi tu wazima, ila baridi imeanza kung'ata.

Swali lako sijalala nalo vizuri. Siku ile ulipoliona daftari la mjukuu wako kwenye simu ukauliza, "Mbona kijana wa miaka 14 anajumlisha sehemu kama mtoto wa darasa la sita?" nilisema mtandao unasumbua, nikakata. Haikuwa mtandao, Baba. Niliona aibu. Nisamehe.

Huku wanafunzi hugawanywa kwa makundi katika hesabu. Yeye alitiwa la chini kabisa wiki ya kwanza, hata kabla ya kupimwa, eti Kiingereza chake kina lafudhi. Nikadhani ni mambo ya muhula mmoja. Juzi mama mmoja Mjamaika, tunayefanya naye kazi kwenye makao ya wazee, ndiye aliyenifumbua macho: kundi la chini huishia kwenye mtihani wa ngazi ya chini, na huko hata ujibu kila swali sawasawa, alama ya juu ni 5, na wenzako wanaitafuta 9. Kaka yake mwenyewe alipelekwa shule ya watoto walioitwa wapungufu wa akili, kama watoto wengi wa Karibiani miaka ile ya 60 na 70. Alinisimulia tukikunja mashuka. Shuka moja alilikunja mara tatu.

Ulitueleza vile Babu alivyolipwa kwenye reli, Mzungu kivyake, Mhindi kivyake, Mwafrika mwisho, kazi ikiwa ile ile. Niliamini hayo yalizikwa na ukoloni. Kumbe mwaka wetu wa uhuru huko Kenya, 1963, kampuni ya mabasi ya mji huu ilikuwa ikiwakatalia watu weusi kazi ya udereva na ukondakta. Kijana aitwaye Paul Stephenson aliwaongoza watu kususia mabasi karibu miezi minne, mpaka ikasalimu amri Agosti 28. Leo basi langu la alfajiri linaendeshwa na Msomali.

Basi Ijumaa nilienda shuleni. Nilibeba lile daftari la jalada la kijani ulilomfundishia likizo ya Agosti, milinganyo kurasa kwa kurasa, na tiki zako za wino mwekundu. Mwalimu alilipekua, kisha akauliza kama kweli ni mkono wake. Nikamwambia, muite, mpe karatasi hapa hapa. Hakumwita. Ameahidi kumpima wiki ijayo, nami sikuondoka mpaka akaandika tarehe na kutia sahihi. Nimekutumia picha ya karatasi hiyo.

Kinachoniuma ni kwamba kijana ameanza kusema hesabu si zake. Yeye, aliyekuwa akikuamsha saa kumi na mbili mfanye maswali!

Tafadhali Baba, mpigie Jumamosi saa tisa alasiri. Anza na milinganyo, umkemee kama zamani. Bando nitatuma mimi.

Ni mimi bintiyo.