Busati la kijani

Wete, Pemba

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na magoti ya mama yamepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Masika yamekwisha, upepo wa kusi umeshika, na usiku twajifunika shuka.

Aliyekuletea barua hii kakuletea na bakuli la plastiki lenye mfuniko wa buluu. Lifungue kabla hujasoma mbele. Toa gazeti lililorowa, utie mimea yote kwenye beseni la maji yaliyolala tangu jana, uiweke kivulini, halafu urudi tuzungumze. Imetoka Wete alfajiri kwa gari hadi Mkoani, ikapanda boti, na njia nzima haikuwa na maji zaidi ya huo unyevu wa gazeti. Ndivyo inavyosafiri salama. Ukiitia kwenye maji tele ndani ya bakuli lililofungwa, joto la safari huiozesha.

Ile picha ya tangi lako la samaki nimeitazama mara nyingi. Vile vijani vidogo vya Kuba ulivyonunua kwa pesa yote ile ili vitande chini kama busati, vimegeuka manjano kisha vikaelea juu kimoja kimoja. Ukaandika kwamba huna mkono wa kupanda. Usiseme hivyo, Mwanaidi. Mtu anayeotesha mchaichai na mrehani kwenye makopo ya maziwa pale Mwanakwerekwe anao mkono. Mmea ule unataka taa kali, unataka hewa ukaa ya kutiwa kwa mtungi, na unapenda maji ya ubaridi. Chumbani kwako mchana wa kaskazi maji hufika nyuzi 30, na maji yakishapata moto hushika hewa kidogo. Aliyekuuzia alipaswa kukwambia haya, hakukwambia.

Nilivyokuletea ni aina mbili, na zote mbili ninazo mwenyewe tangini, hakuna mtungi, taa ni ya kawaida.

Ya kwanza, yenye majani membamba kama utepe, ni sagitaria ndogo. Nilipewa mashina matatu na mtu wa Dar es Salaam, leo nagawa. Kwao ni pwani ya mashariki ya Marekani, midomoni mwa mito ambako maji ya bahari hupanda na kushuka, kwa hiyo maji magumu kama yetu hayaitishi. Inatambaa kama ukoka: shina linatoa mkono chini ya mchanga, mbele kidogo unachomoza mche mpya, nao unatoa wake. Ya pili ina majani manne yaliyopangika kama ua dogo. Kwa kitaalamu ni marsilea, mie naiita majani-manne. Hii nimeitoa bonde la mpunga, inaota yenyewe kwenye matope pembezoni mwa majaruba, na wakulima wanaing'oa kama magugu. Ukiitazama utadhani ni jani la kawaida, kumbe ni ndugu wa makangaga. Haina ua wala mbegu.

Sasa mchanga. Hapa ndipo nilipoumia mwenyewe, na ndiyo maana nataka unisikilize.

Tangi langu la kwanza nililitia mchanga mweupe wa pwani. Nilikuwa nautamani ule weupe chini ya majani ya kijani. Niliuosha mara saba, mpaka maji yakawa yanatoka safi kama ya kunywa. Chumvi ilitoka. Chokaa haikutoka, kwa sababu mchanga ule wenyewe ndio chokaa, ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi. Na maji ya visima vyenu Unguja tayari yamepita kwenye mawe hayohayo. Tazama ndani ya birika lako la chai, ule ukoko mweupe umetoka humo. Mimea yangu ikadumaa. Kila jani jipya likawa linatoka la manjano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Nilikuwa naongeza taa, naongeza mbolea ya chuma, wala haisaidii, kwani maji yakizidi chokaa mizizi haiwezi kuichukua ile chuma hata ikiwa ipo. Miezi mitano nilihangaika na mchanga niliouteka kwa mikono yangu.

Kwa hiyo kabla hujapanda, fanya hivi. Chukua kijiko cha mchanga wako uliokauka, ukitie kwenye kisahani, ukamulie ndimu nusu. Sogeza sikio. Ukisikia sauti ndogo kama ya soda iliyofunguliwa sasa hivi, na ukaona povu jembamba likipanda kati ya punje, mchanga huo una chokaa, utoe wote. Ukinyamaza kimya, unafaa. Unaotakiwa ni mchanga wa mtoni, punje za ukubwa wa ulezi. Mlaini kama unga hushikana, mizizi ikakosa pumzi; kokoto nazo hazishiki mche.

Chini ya mchanga weka udongo wa shamba uliochekechwa, sentimita tatu, kisha mchanga sentimita tatu juu yake. Udongo usiotiwa samadi! Mie nilitia ya mbuzi kidogo tu, nikiona nafanya hisani. Baada ya siku nne maji yalikuwa rangi ya chai, na asubuhi ya siku ya tano nilikuta samaki wangu wadogo wa gapi kumi na moja wamekufa, waliobaki wanahema juu ya maji. Bado nikikumbuka naumia.

Kupanda kwenyewe, acha tangi na maji ya vidole viwili tu. Punguza mizizi ya sagitaria kwa mkasi ibaki sentimita mbili. Shika mche kwa kibano, uuchomeke kwa mshazari mpaka uzame, halafu uvute juu polepole hadi pale majani yanapoanzia pawe wazi. Usipazike mahali hapo, mche ukizikwa moyo wake huoza. Nimekuhesabia mashina 24: tangi lako lina urefu wa sentimita 60, kwa hiyo safu mbili za mashina 12, sentimita tano baina ya shina na shina. Majani-manne yaweke mbele kabisa karibu na kioo, kwa sababu ni mafupi. Yapande vipande vipande, kila kipande na majani matatu au manne, usiyapande fungu zima. Fungu zima hukaa pale pale kama kichuguu. Ukimaliza laza kisahani juu ya mchanga na umimine maji juu ya kisahani, taratibu, yasichimbue.

Taa iwashe saa nne asubuhi na uizime saa kumi na moja jioni. Zaidi ya hapo unauotesha mwani kwenye vioo. Ukiona utelezi wa kijani umeanza, punguza saa moja na ubadilishe thuluthi ya maji kila wiki. Sagitaria ikirefuka na kusimama kama majani ya mchaichai ujue taa ni dhaifu, ishushe karibu na maji.

Uliniuliza ile chupa ya sukari na hamira ya kutoa hewa ukaa. Usiifanye. Kwa joto letu hamira huchachuka kwa nguvu siku mbili tatu kisha ikalegea, na usiku, wakati mimea haihitaji hewa hiyo, yenyewe inaendelea kutoka huku samaki wamelala. Mimea niliyokuletea haiitaki.

Wiki mbili za mwanzo utasikitika. Majani-manne yameota nje ya maji, kwa hiyo majani yake ya sasa yatayeyuka karibu yote. Yatoe kwa kibano yasioze humo, lakini shina usiling'oe. Siku ya kumi na mbili ya kwangu nilichuchumaa na tochi ya simu, nikaona kwenye shina lililokuwa kama uzi mkavu kitu kidogo kimejikunja mfano wa mkia wa kinyonga, kijani kibichi, hakifiki hata punje ya mchele. Kesho yake kilikuwa kimejikunjua nusu. Nilimwita mama aje aone. Tangu hapo sijaogopa jani kuyeyuka. Sagitaria ilinitolea mkono wa kwanza wiki ya tatu, na sehemu yote ya mbele ilijaa mwezi wa nne tangu kupanda.

Na panda sasa, kipupwe hiki, maji yana ubaridi. Ukingoja mpaka joto la Disemba utaipa kazi mara mbili.

Kuna jambo jengine, na hili nakuomba kama ndugu. Ulisema wale samaki wawili, jike na dume la mkia mwekundu, uliwatoa mwenyewe kwenye dimbwi kwa mikono. Dada yangu, unakumbuka vidonge vya kichocho tulivyokuwa tukipewa skuli? Bado kipo, kwenu na kwetu. Vijidudu vyake hukulia ndani ya konokono wa maji baridi, wakitoka humo hupenya ngozi ya mtu aliyeingiza mguu au mkono majini. Mie bondeni niliingia na buti, mikono nimevaa glavu ndefu. Mimea hii nimeisuuza jani kwa jani na kuiweka ndooni wiki tatu, kila siku natafuta konokono. Nilitoa wanne. Ukimshika konokono ncha yake juu na mdomo umekuelekea, tundu likiwa upande wa kushoto, huyo simtaki hata kidogo tangini. Wewe pia kachunguze ulichokuja nacho na samaki wale, na ukapime mkojo hospitali. Usilichelewe hili.

Lakini samaki wenyewe nimewapenda mno! Unajua una nini? Hawa ni wa Unguja peke yake. Mtaalamu mmoja Mjerumani, Pfeffer, aliwaandika tangu mwaka 1893, na wapenzi wa samaki nchi za mbali huwafuga kwa miaka mingi. Huishi kwenye madimbwi yanayokauka. Dimbwi likikauka wao hufa, mayai yao hubaki hai kwenye matope yakisubiri mvua. Funika tangi, maana wanaruka. Na usipande busati mpaka kila pembe: acha kona moja tupu, uweke kibakuli cha makumbi ya nazi yaliyochemshwa na kuoshwa mpaka rangi imekwisha. Jike na dume watajichimbia humo watage.

Bakuli la buluu ni la mama, na unajua hapendi lirudi tupu. Basi baada ya wiki mbili yakamue yale makumbi yenye mayai yabaki na unyevu tu kama tumbaku, uyafunge kwenye nailoni, uandike tarehe, unitilie humo. Nitayaweka kabatini miezi mitatu hivi, kisha niyatie maji ya mvua za vuli nione. Watakaoanguliwa watakaa tangini kwangu tu, juu ya busati hili hili; mtoni siwaachii, kwao ni Unguja.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya magoti nitaituma kwa boti ijayo.

Wako,
Raya