Anti, nina kirusi ila sina ugonjwa, miezi 24 nakaaje hivi?

Anti shikamoo, pole na majukumu. Naomba jina langu usilitoe, andika tu fundi cherehani wa Moro, mtaani kwetu nashona sare za shule na madera ya shughuli kwahiyo wananijua wengi na sitaki hili likafike kwa wateja.

Mi nina miaka 38, watoto watatu, ndoa ina mwaka wa 14. Mwezi wa tatu manesi walikuja zahanati ya kwetu kupima saratani ya mlango wa kizazi bure, wakatangaza na spika toka asubuhi, wanawake wa miaka 30 kwenda juu mjitokeze. Nikaenda, maana mama mdogo wangu alikufa na ugonjwa huo huo, alitolewa Ifakara akapelekwa Ocean Road kwenye mionzi akiwa ameshachelewa, na mi ndo nilikuwa namfulia mashuka, ile harufu mpaka leo ikinijia chakula hakipiti. Kwahiyo kipimo sikukiogopa, niliogopa foleni tu kwa sababu nilikuwa na sare za watu.

Kumbe siku hizi hata kitandani hupandi kwanza. Nesi alinipa kijiti chenye brashi laini mwishoni, akaniambia ingia nyuma ya pazia, chuchumaa, ingiza taratibu mpaka kigome, zungusha, toa. Pazia lenyewe kanga mbili zimebanwa na vibanio vya nguo, moja imewekwa kichwa chini miguu juu hata jina lake husomi. Dakika haikuisha nimemaliza, brashi ikatumbukizwa kwenye kichupa chenye maji maji, namba ikabandikwa, nikarudi kushona. Akasema kinaenda kupimwa kwenye mashine ile ile wanayopimia makohozi ya TB, na kinachotafutwa sio kansa yenyewe, ni kirusi kinachoileta, HPV.

Baada ya wiki mbili nikapigiwa simu njoo. Kirusi kipo. Karatasi ina mistari yake, namba 16 hakuna, 18 na 45 hakuna, chini huko kwenye aina nyingine za hatari ndo kipo. Nesi akanieleza kwamba 16 na 18 ndo wabaya kuliko wote, hao wawili peke yao ndo wanaleta kama asilimia 70 ya kansa za mlango wa kizazi, wa kwangu nao wamo kwenye kundi la hatari ila afadhali kidogo. Siku hiyo hiyo akanipandisha kitandani, akaweka kile kidude cha kufungulia, akanipaka siki, tukasubiri dakika nzima naangalia feni isiyozunguka. Pakiwa na sehemu imeanza kuharibika siki inapageuza pawe peupe. Alisema angeona weupe angenichoma pale pale na kimashine chao cha moto na ningerudi nyumbani na miguu yangu. Hakuona kitu. Kwenye kadi akaandika kirusi kipo, siki safi, arudi baada ya miezi 24.

Miezi 24 Anti! Nikamuuliza dada, yaani unaniambia nina mdudu wa kansa halafu nikapike ugali miaka miwili? Akacheka, akakaa chini kabisa akanifafanulia, na kusema kweli alinielewesha. Kwamba kirusi hiki karibu kila aliyewahi kulala na mwanaume anakutana nacho, na miili mingi inakitoa yenyewe ndani ya mwaka au miwili, kwahiyo ukinipima tena baada ya miezi mitatu utakikuta pale pale na hutajua kama kinaondoka au kimeweka kambi. Kinachotakiwa kujulikana ni kama kimeng'ang'ania. Na kwa mwenye kinga nzuri, mpaka ifike kansa ni miaka 15 hadi 20. Aliniuliza na ukimwi, nilikuwa nimepima, sina, akasema ningekuwa nao angeniandikia mwaka mmoja sio miwili. Ila nikiona damu baada ya tendo au maji yenye harufu nisisubiri tarehe, nije siku hiyo hiyo.

Nikiwa pale nilielewa. Shida ni usiku. Usiku nakuwa mama mdogo.

Kwahiyo nikafanya ujinga. Nikaenda kwa dokta mmoja wa binafsi, akatikisa kichwa, miaka miwili mingi sana mama, akaniuzia dozi ya elfu 85 ya kukisafisha kirusi, vya kumeza na vya kuweka chini, akasema nirudi baada ya miezi sita. Nilitoa hela ya kitambaa cha mteja. Nilivompelekea nesi lile boksi akasoma akanyamaza, halafu akasema mdogo wangu hii ni dawa ya fangasi na bakteria, hiki kirusi hakina dawa, kinachotibiwa ni pale kinapoharibu. Nikauliza basi si nichanjwe, maana binti yangu alichanjwa shuleni 2024, sindano moja tu, akasema ile inakinga, haimtoi aliyeshaingia. Sawa. Elfu 85 imeenda.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Kadi niliificha kwenye droo ya cherehani chini ya bobini. Mume wangu ni fundi seremala, mtu mpole wala sio mlevi, suruali ilimchanika akaingia kutafuta sindano, akaikuta. Akasoma neno moja tu, kirusi, na swali likawa moja, umekitoa wapi? Nikamwambia kama nilivoambiwa, kwamba kinaweza kulala mwilini miaka na miaka, kinaweza kuwa cha kabla hatujajuana, hakuna kipimo kinachosema kimetoka kwa nani. Akaona najitetea. Akaenda mwenyewe hospitali kujipima apate ushahidi, wakamwambia kwa wanaume kipimo hicho hawana, ndo akazidi, eti ugonjwa gani unapimwa upande mmoja?

Tangu hapo analala sebuleni. Hela ya matumizi anatoa, watoto anacheka nao, mimi ananiambia ukapime tena, kikitoka tutakuwa mke na mume. Sijui kama unanielewa Anti, yaani zile tarehe za nesi zilikuwa za mlango wa kizazi, yeye kazifanya za ndoa. Nikienda kupima mapema na kikawa bado kipo, ambavyo nesi keshaniambia ndo itakavyokuwa, si nitakuwa nimempelekea ushahidi mwenyewe kwa mkono wangu?

Dada yangu anasema nidanganye, nimwambie nimepima kimetoka, yaishe. Nafsi inakataa, kwa sababu baada ya miaka miwili nitatakiwa kurudi, nikitoka nyumbani naenda wapi? Na kikiwa bado kipo wananikagua upya, pengine wanipeleke hospitali kubwa kwa kuangaliwa na kile kidarubini, hapo uongo utakaa wapi.

Naomba unishauri. Je, nivumilie hiyo miezi 24 au nigawanye nusu nikapime mwaka ukifika ili tu nilale? Maana kuna wanaonambia mwaka mmoja, na mi sijui nani kaamua miwili. Na huyu mwanaume namfikishaje kwa nesi, nimwombe nesi ampigie simu mwenyewe au ndo ataona tumepanga? Kikao cha wazee sikitaki, siwezi kukaa mbele ya baba mkwe kuongelea mlango wa kizazi.

Kingine, huyo nesi nasikia anahamishwa mwezi ujao. Majina yetu kayaandika kwenye daftari kubwa la mistari, namba yangu ya simu ni ya laini ambayo mtoto keshaipoteza. Nataka kwenda nikabadilishe namba kabla hajaondoka, ila nimeshaenda pale mara tatu mwezi huu na kila nikitoka nyumbani naulizwa naenda kwa nani.

Fundi cherehani, Morogoro