Swahiba, ramani yangu ilielekeza chumbani

Mikindani, Mtwara

Swahiba,

Assalaam aleikum. Ming'oko uliyompa dereva wa basi imefika salama, ila mimi nimekuta maganda. Mama alishaichemsha na kuimaliza na majirani zake.

Uliponiuliza kwenye simu kama ramani ya tovuti (sitemap, lile faili la orodha ya anwani za kurasa zote ambalo Google wanalisoma) imekamilika, nikajibu tayari. Nilikudanganya. Imekamilika jana usiku, na kwa kuwa unataka kuanza ya kwako ya hapo Lindi, bora nikwambie nilikopigwa mwereka.

Unajua tovuti yangu ya Mikindani, ile yenye Boma la Wajerumani, nyumba za kale na habari za Livingstone aliyeanzia hapa safari ya bara mwaka 1866. Yote imekaa kwenye folda moja ndani ya laptopu, maana bando nalipima kama mafuta ya taa. Nikasema ramani nayo niitengenezee humo humo. Nikaielekeza programu ya kutengeneza ramani kwenye folda, haikupita dakika faili la XML, ndiyo ramani yenyewe, likatoka, nikalipakia kwenye seva, ile kompyuta inayoiweka tovuti mtandaoni, nikajipikia chai ya tangawizi.

Kumbe kila anwani ndani yake imeanza na file:///C:/! Yaani nawaelekeza Google chumbani kwangu, kwenye diski ambayo roboti wao, programu zinazopita kusoma kurasa, hawawezi kuifikia hata wakipanda bodaboda. Programu ilikuwa na kisanduku cha kujaza anwani halisi ya tovuti, ikae badala ya njia ya folda. Mimi nilikiruka, si unanijua.

Nikarudia. Safari hii anwani ziko sawa, lakini humo nimekuta rasimu zangu, ukurasa wa majaribio, hata hesabu ya korosho za mzee niliyoihifadhi kwenye folda ile ile. Programu ya namna hii inazoa kila faili inalokuta. Ziko nyingine zinazofuata viungo kutoka ukurasa wa mwanzo, ila hizo zinaacha ukurasa wowote uliosahau kuuunganisha. Nimebaki na ya kuzoa, nikahamisha takataka kwanza.

Kilichonikondesha hasa ni herufi kubwa. Kwenye Windows, Boma.html na boma.html ni kitu kimoja. Seva yangu inatumia mfumo mwingine, Linux, kwake hayo ni mafaili mawili. Kwangu kila kitu kinafunguka, huko juu naambiwa ukurasa haupo! Siku mbili nzima, swahiba. Mwisho nikageuza majina yote kuwa herufi ndogo na kuondoa nafasi katikati. Wewe anza hivyo hivyo tangu siku ya kwanza.

Ndani ya ramani, vipengele vya kipaumbele na marudio ya mabadiliko ya kila ukurasa usivipotezee muda, Google wanavipuuza. Tarehe ya mabadiliko wanaitazama ikiwa ya kweli. Programu yangu ilikuwa imezipa kurasa zote tarehe ya siku ile ile, nikaisahihisha. Kikomo ni anwani 50,000 kwa faili, huko hatufiki hata tukiandika kila mnazi wa pwani hii. Ukishapakia, ongeza kwenye robots.txt, lile faili la maelekezo kwa roboti, mstari wa Sitemap: wenye anwani kamili ya faili la ramani.

Ukija Jumamosi beba laptopu yako tuifanye pamoja. Na ming'oko mingine, ila hiyo nikabidhi mimi mkononi.

Wako,
Jirani wa zamani