Salamu za Pasaka kutoka Tukuyu, mwaka wa kwanza bila baba

Bwana Yesu asifiwe, ndugu, jamaa na marafiki. Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za masiku. Kwa niaba ya mama, wadogo zangu na familia yote, nawatakia heri na baraka tele za sikukuu ya Pasaka, 5 Aprili 2026. Mungu awajalie afya njema, amani na riziki. Walio safarini awafikishe salama, walio vitandani awainue.

Baba angeishia hapo. Salamu za ukoo alikuwa anaziandika yeye, mistari minne, kila mwaka ileile, na hakuna aliyelalamika. Sasa kazi hiyo imeniangukia mimi kifungua mimba, na mwaka huu mistari minne hainitoshi. Mnivumilie.

Baba alitutoka Alhamisi Kuu ya mwaka jana. Tulimzika Jumamosi, mvua ya Tukuyu ikinyesha kwa namna mnayoijua wenyewe, na kesho yake saa kumi na moja alfajiri kanisa zima likaja makaburini na matarumbeta, kama tunavyofanya Wamoravian tangu vijana wa Herrnhut, kule Ujerumani, walipokwenda kuimba makaburini alfajiri ya Pasaka ya 1732, na kama wamisionari walivyotuletea Rungwe kuanzia 1891. Kaburi la baba lilikuwa udongo mtupu bado. Karatasi za mashada zilikuwa zimelowa usiku kucha, rangi nyekundu imechuruzika hadi kwenye miguu ya msalaba. Mchungaji alipotamka kwamba Bwana amefufuka, watu wote waliitikia, ila mama. Mama aliinama, akaokota ua lililodondoka, akalifuta tope kwa pindo la kanga, akalirudisha mahali pake. Halafu akainuka, akaitikia peke yake, wenzake wakiwa wameshanyamaza.

Sauti ile sijaisahau mwaka mzima.

Mwezi Februari likazuka jambo la kumbukumbu ya mwaka mmoja. Mama alisema itakuwa Alhamisi Kuu, kwa kuwa mumewe aliondoka Alhamisi Kuu. Mdogo wangu wa Dar akasema hapana, ni tarehe 17 Aprili, ndiyo iliyoandikwa kwenye cheti cha kifo na kwenye msalaba. Mwaka jana siku hizo mbili zilikuwa siku moja. Mwaka huu Alhamisi Kuu imeangukia 2 Aprili, zimeachana kwa siku kumi na tano. Maneno yakawa makali kuliko jambo lenyewe. Wiki tatu mtu na mama yake hawakupigiana simu, na mimi katikati nikipokea malalamiko ya pande zote.

Ndipo nikaenda kulitafuta daftari la baba. Wengi wenu mnalikumbuka: kava la bluu, kona zimeliwa na mende. Miaka yote aliyokuwa mzee wa kanisa, mtu akitaka kujua Pasaka ya mwaka fulani itakuwa lini alikwenda kwa baba, naye akavaa miwani na kulifungua. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa penseli: "Ngoja 21 Machi. Tafuta mwezi mpevu. Tafuta Jumapili inayofuata." Basi, ndiyo kanuni nzima. Mwezi ukipevuka Jumapili yenyewe, unasubiri Jumapili ya mbele, na ndivyo ilivyokuwa mwaka jana: ulipevuka 13 Aprili, Jumapili ya Matawi, Pasaka ikawa tarehe 20. Kwa hiyo Pasaka haiwahi kuliko 22 Machi wala haichelewi kupita 25 Aprili. Mwaka huu mwezi umepevuka alfajiri ya Alhamisi Kuu, tarehe 2. Kule mjini Mbeya niliuona juu ya mlima Loleza mawingu yalipopasuka kidogo, mkubwa, nikasimama uani hadi chai ikapoa.

Alikuwa mwangalifu, baba. Mwaka 2019 vijana wa kwaya walimwendea na simu zao wakisema mwezi umepevuka 21 Machi, mbona Pasaka imepelekwa hadi 21 Aprili? Akawaonyesha kwamba kanisa linafuata jedwali la hesabu, halitazami angani, na kwenye jedwali mwezi wa Machi ulihesabiwa umepevuka tarehe 20, siku moja kabla ya mpaka. Ikabidi kungoja mwezi mwingine mzima. Tena ameandika kwamba kila miaka 19 mwezi hurudi karibu na tarehe zake zilezile. Ni kweli: mwaka 2007 ulipevuka 2 Aprili kama mwaka huu. Pasaka ya mwaka ule ndiyo niliyombatizia mwanangu wa kwanza, baba akiwa amembeba.

Jirani yangu wa duka ni Mwislamu, na mwaka huu tumefunga pamoja, maana Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari na Ramadhani ikaandama wiki hiyohiyo. Mwezi wao unatembea peke yake, unazunguka masika na kiangazi. Wetu umefungwa kamba na jua, hauruhusiwi kwenda mbali. Nao wenzetu Waorthodoksi watasherehekea tarehe 12, kwa kuwa wanahesabu kwa kalenda ya zamani, ile iliyokuwepo kabla Papa Gregori wa XIII hajairekebisha mwaka 1582, na sasa iko nyuma kwa siku 13. Mwaka jana sote tulikutana 20 Aprili, na ilikuwa miaka 1700 kamili tangu Mkutano wa maaskofu wa Nikea wa 325 ulipotaka Wakristo wote wawe na Pasaka moja. Baba alizika wengi katika maisha yake. Kuzikwa kwake kukaangukia mwaka ule, hilo mimi nalichukua kama heshima.

Ila kilichonikalisha chini hakikuwa hesabu. Kati ya kurasa hizo baba alinakili habari ya Polikarpo, askofu wa Smirna. Watu wa upande wa Asia walishika Pasaka tarehe 14 ya mwezi wa Nisani wa kalenda ya Kiyahudi, iangukie siku yoyote ya juma. Watu wa Roma walishika Jumapili. Wengine tarehe, wengine siku! Polikarpo, mzee sana tayari, alisafiri hadi Roma kuzungumza na Aniseto, askofu wa huko. Hakuna aliyemshinda mwenzake, kila mmoja akabaki na desturi aliyopokea kwa waliomtangulia, lakini Aniseto akampisha Polikarpo aongoze Meza ya Bwana, wakaagana kwa amani. Baadaye Vikta, askofu mwingine wa Roma, alipotaka kuwatenga wale wa Asia, askofu Ireneo alimwandikia kumkumbusha amani ya wale wazee wawili. Chini ya maneno hayo baba alipiga mstari, akaukolezea mara mbili hadi karatasi ikatoboka.

Niliupiga picha ukurasa ule, nikamtumia mdogo wangu bila neno lolote. Usiku alimpigia mama.

Ndugu zangu, mwaka huu umekuwa mgumu. Siku zile za mwisho wa Oktoba intaneti ilipokatika nchi nzima, mama alikaa barazani na simu mkononi kana kwamba kuishika kutamletea habari za wanawe wa Dar. Dukani kwangu Mwanjelwa naiona hali kwenye vipimo. Mteja aliyekuwa akichukua lita ya mafuta ya kula sasa anachukua robo, tena anasimama pembeni asubiri wenzake waondoke ndipo atoe chupa. Nguo za watoto za sikukuu zinaulizwa bei na kurudishwa kwenye kamba. Huku Rungwe masika yamekuwa mazuri na mahindi mabichi yapo, nashukuru, lakini aliyekopa mbolea anajua kwamba mahindi yale si yake yote.

Katika hali kama hiyo ndipo nyumba zinapasuka. Mwenye njaa hukasirika upesi, na mwenye msiba hukasirika upesi zaidi. Ninawasihi, na ninajisihi mwenyewe, tusiende makaburini kesho alfajiri tukiwa na mtu tusiyesalimiana naye. Mtaimbaje ufufuo huku mmemzika ndugu yenu angali hai? Kama ni shamba la mpaka, likae. Kama ni deni la mchango wa harusi, lisameheni au lilipeni, na kama huna, nenda ukaseme huna. Kijana uliyesema utakuja Pasaka ya mwaka kesho, kumbuka Pasaka itakuja, mwezi haukosei, ila wazee unaowaahirishia hawana jedwali. Nanyi wazee, kijana akirudi mikono mitupu mpokeeni. Amepanda basi kwa nauli ya kuazima ili awaone, na hilo ni zawadi tosha. Mungu hakungoja tustahili.

Nimekuwa mchungaji tena, mnisamehe. Baba angenikatiza.

Sasa ratiba. Alhamisi Kuu tulikwisha kusali nyumbani na mama, watu wachache, ndizi na maziwa ya mgando, akaridhika. Tarehe 17, ambayo ni Ijumaa, tutakutana tena kwa ibada ya kumbukumbu na kuweka jiwe, mdogo wangu ndiye mwenyeji na gharama za jiwe amezibeba yeye. Anayeweza kufika siku hiyo afike, asiyeweza asihukumiwe. Jumatatu ya Pasaka tupo wote nyumbani, na kwa kuwa Jumanne ni sikukuu ya Karume, mnaotoka mbali msikimbilie kuondoka.

Kesho alfajiri tunakutana kanisani saa kumi na nusu, tunaelekea makaburini kabla ya saa kumi na moja. Jua letu linachelewa hadi karibu saa moja, kwa hiyo njooni na tochi, makoti na viatu vya mvua, ngazi ya udongo upande wa mto inateleza. Shangazi asitembee peke yake, mmoja wa wajukuu amshike mkono. Mwezi ukiruhusiwa na mawingu utakuwa upande wa magharibi, umeanza kumegeka.

Na jambo moja la wanangu na wa wadogo zangu. Baba aliandika Pasaka za mbele kwa mkono wake: 2027, 28 Machi. 2028, 16 Aprili. 2029, 1 Aprili. Ameendelea hadi 2038, tarehe 25 Aprili, siku ya mwisho kabisa ambayo Pasaka inaweza kufika, na hapo penseli imekoma. Daftari lina kurasa nyeupe nyingi bado. Anayetaka kulichukua aniambie Jumatatu, nitamfundisha kwa chakula cha mchana.

Heri ya Pasaka kwenu nyote. Ndaga fijo, asanteni sana.

Bwana amefufuka. Amefufuka kweli kweli.