Ini moja watu wawili, tuambizane tungali hai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kutoa viungo vya mwili baada ya kufa. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, huu ni mwaka wangu wa kumi na saba hapa Birmingham, Uingereza, na kazi yangu ni kutunza wazee. Gazeti lako nalisoma kwenye simu alfajiri nikiwa ndani ya basi, na najua wenzangu wengi wa huku na wa nyumbani wanalisoma pia. Ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Mwezi uliopita tulimzika kijana wa miaka 23, mtoto wa mwenzetu wa hapa hapa mjini. Alikuwa akipeleka chakula kwa pikipiki usiku, gari likamgonga. Alilala kwenye mashine siku mbili. Madaktari wakampima, wakarudia kumpima, wakasema ubongo umekufa, moyo unapiga kwa sababu ya mashine tu. Kisha akaja muuguzi, akaketi na wazazi, akauliza taratibu kama marehemu aliwahi kusema lolote juu ya kutoa viungo vyake. Baba akamtazama mama. Mama akamtazama ami yake kijana. Ami akasema, "Kauli yake hatuijui, nasi hatuwezi kumsemea." Wakakataa.

Haya nimesimuliwa na mama mwenyewe, na nimemwomba ruhusa kabla ya kuyaandika. Akaniambia, "Andika, dada. Mimi siku ile hata jina langu ningeulizwa nisingelijua." Siwalaumu hata kidogo. Ningekuwa mimi, na mwanangu hakuwahi kuniambia kitu, huenda ningejibu hivyo hivyo. Lakini pale matangani nilishika kikombe cha kahawa mpaka ikapoa mkononi, kwa sababu najua ini la kijana wa miaka 23 linaweza kufanya nini. Jambo hilo lilinikata maini, na sikuweza kumwambia mtu.

Binti yangu wa mwisho ana miaka tisa. Alizaliwa na uzito mzuri, akinyonya vizuri. Wiki ya tatu macho yake bado yalikuwa manjano. Nilipouliza kliniki niliambiwa nimweke dirishani apate jua, yatakwisha. Nilimweka. Kinyesi chake kilikuwa cheupe, rangi ya unga wa muhogo, nikadhani ndivyo maziwa yanavyotoka. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujua kwamba ni jambo la kusemwa. Wiki ya kumi muuguzi mmoja akafungua nepi kumpima uzito. Hakuifunga. Aliitazama, akaenda mlangoni, akamwita mwenzake naye aje atazame. Hapo ndipo nilipojua nina mgonjwa.

Mifereji yake ya nyongo ilikuwa imeziba. Nyongo haishuki tumboni, inabaki ndani ya ini na kulichoma polepole. Ni ugonjwa wa nadra, lakini miongoni mwa watoto wanaopandikizwa ini duniani, huo ndio sababu inayoongoza. Kuna upasuaji ulioanzishwa na daktari wa Japani, Morio Kasai, aliyeuandika mwaka 1959, wa kuunganisha utumbo na ini moja kwa moja ili nyongo ipate njia. Matokeo yake huwa mazuri zaidi mtoto akifanyiwa kabla ya siku 60. Wangu alikuwa amezipita. Walimfanyia, haikushika.

Akaingia kwenye orodha ya kusubiri ini la kupandikizwa. Miezi tisa, kilo saba kasoro, na sehemu ya kilo hizo ni maji ya tumboni. Tumbo limekaza kama ngoma, mikono myembamba. Usiku alijikuna mpaka damu, kwa hiyo tulimvisha soksi mikononi na kulala zamu. Mzazi anaweza kumtolea mwanawe kipande cha ini lake, lakini mimi sikuweza, damu yetu haipatani. Mume wangu akapimwa wiki tatu nzima, mwishowe wakaona ini lake lina mafuta mengi. Akatoka mle akatembea kwa miguu hadi nyumbani, karibu saa mbili njiani, hataki kupanda basi.

Daktari bingwa wa upasuaji alituchorea nyuma ya karatasi ya miadi. Alisema ini linaonekana kitu kimoja, lakini kwa ndani limegawanyika kama chungwa. Vipande ni vinane, na kila kimoja kina mshipa wake wa damu na mfereji wake wa nyongo. Vipande viwili vya upande wa kushoto, ambavyo havifiki hata robo ya ini zima, vinamtosha mtoto mdogo. Vilivyobaki upande wa kulia vinamtosha mtu mzima. Yule mtu mzima atakaa navyo, na ini litajaza pengo lake lenyewe baada ya wiki na miezi. Ini linaota tena. Akapiga mstari kwa kalamu, akaandika "mtoto" huku na "mtu mzima" kule. Karatasi ile ninayo hadi leo.

Zamani haikuwa hivyo. Ini la mtu mzima haliingii katika tumbo la mtoto wa kilo saba, na watoto wanaokufa wakiwa na umbo linalofanana na lake ni wachache, tumshukuru Mungu. Kwa hiyo watoto walikuwa wakifa kwenye orodha. Katika miaka ya themanini Henri Bismuth wa Ufaransa na wenzake wakaanza kulipunguza ini la mtu mzima liweze kumwenea mtoto. Mtoto akapona, lakini kipande kikubwa kilitupwa, na mtu mzima fulani akakosa ini. Mwaka 1988, huko Hannover, Ujerumani, Rudolf Pichlmayr akaligawa ini moja, akawapandikiza wagonjwa wawili. Mimi sina elimu ya udaktari, lakini jambo hilo nimelisoma na kulirudia, kwa sababu mwanangu anaishi kwalo.

Simu ya kwanza ililia saa tano usiku. Tulifika hospitali, mtoto akanyimwa maziwa, akalia mpaka sauti ikakauka, na saa kumi na moja alfajiri tukaambiwa ini halifai kugawanywa. Tukarudi. Simu ya pili ilikuja baada ya wiki tano. Alikaa chumba cha upasuaji kwa muda wa saa tisa. Siku ya sita nilifungua nepi nikaona rangi ya kahawia. Miguu iliisha nguvu, nikakaa sakafuni nimeishika mkononi.

Aliyepokea kipande kikubwa simjui. Niliambiwa tu kwamba ni mtu mzima na kwamba naye alipasuliwa siku ile ile. Kila mwaka tarehe hiyo naomba dua kwa ajili ya watu wawili, aliyefariki na huyo mwenzetu wa ini.

Sasa nije kwenye maneno niliyoyasikia kwa masikio yangu. Katika ukumbi wa kusubiri alikuwapo mama mmoja wa Kiingereza, mumewe anangoja ini kwa miezi minane sasa. Aliniuliza bila ubaya: kwa nini mume wangu apewe ini lililokatwa wakati angeweza kupewa zima? Swali lake ni la haki, na wanaolipuuza hawatendi vema. Ini lililogawanywa lina hatari zake. Nyongo inaweza kuvuja pale lilipokatwa, mishipa midogo inaweza kuganda. Ndiyo maana si kila ini linagawanywa, na si kila daktari anagawa. Lazima litoke kwa mtu ambaye hakuwa mzee na ini lake liwe safi. Hapa Uingereza ini la aliyekufa ubongo, mwenye umri chini ya miaka 40 na uzito wa kilo 50 au zaidi, hufikiriwa kwanza kama linaweza kugawanywa. Italia tangu 2015 wameweka kanuni kwamba ini zuri la marehemu wa miaka 18 hadi 50 kwanza liangaliwe kama linaweza kumfaa mtoto. Na mikono ikiwa na uzoefu, mtu mzima aliyepewa kipande kikubwa hukaribiana sana kimaisha na yule aliyepewa zima. Mtu mzima anaweza pia kupokea ini la mzee wa miaka 60 au 70. Mtoto wa kilo saba hana mlango huo. Nilimjibu yule mama hivyo kwa Kiingereza changu cha kubabaika, akanishika mkono. Mumewe sikujua aliishia wapi.

Wapo watakaosema mwili ni amana. Ni kweli, nami naamini hivyo. Kaka yangu anasomesha madrasa Tanga, na wakati binti yuko kwenye orodha ndiye niliyemuuliza. Alinieleza kwamba baraza la fiqhi, yaani sheria ya dini, la nchi za Kiislamu lilikutana Amman mwaka 1986 likalijadili suala la kifo cha ubongo, kisha Jeddah mwaka 1988 likaruhusu upandikizaji wa viungo kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba kiungo kisiuzwe. Wapo masheikh wasiokubali, nami nawaheshimu. Ninachowaomba ni kwamba walizungumze suala hili msikitini watu wakiwa wazima, wasingoje siku ya msiba. Wachungaji na mapadri nao vivyo hivyo. Na anayehofia mazishi ajue kwamba mwili hushonwa ukarudishwa kwa heshima, ukaoshwa na kukafiniwa kama mwili mwingine wowote.

Nyumbani Tanzania figo zinapandikizwa, Muhimbili tangu Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2018, kutoka kwa ndugu aliye hai. Kwa ini la mtoto, wazazi wengi bado wanapanda ndege kwenda India, mama au baba akatoe kipande cha ini lake mwenyewe. Wanaofanya hivyo ni mashujaa. Lakini mimi na mume wangu tulikuwa tayari, na miili yetu ikakataa. Mzazi wa namna yetu hana pa kwenda isipokuwa kwa marehemu na jamaa zake. Na mzazi wa mtoto mchanga, popote ulipo, macho yakibaki manjano baada ya wiki mbili na kinyesi kikawa cheupe, usikubali kuambiwa jua litamponya. Beba hiyo nepi uwaonyeshe.

Kwa wenzangu wa Uingereza nina neno moja la kusema wazi. Tangu Mei 2020 sheria ya England inamhesabu mtu mzima kuwa amekubali kutoa viungo isipokuwa amesema hataki. Wengi wetu tukadhani basi, yamekwisha. Hayajaisha. Familia bado inaulizwa, na familia ikikataa, wauguzi hawachukui kitu. Nilipoiandikia familia ya mtoaji wetu, bila jina wala mji kama utaratibu unavyotaka, jibu lilikuja baada ya mwaka na zaidi. Lilikuwa fupi. Walisema haikuwa kazi ngumu kuamua, kwani siku moja wakitazama habari marehemu mwenyewe alisema, "Mimi wachukue." Sentensi moja mbele ya televisheni, na leo binti yangu anameza dawa zake saa moja asubuhi na saa moja jioni, balungi tumelipiga marufuku nyumbani kwa sababu linagombana na dawa hizo, na kila Jumamosi anakwenda kuogelea.

Niliporudi kutoka matangani usiku ule niliwakalisha wote mezani. Mume wangu akasema wachukue watakachokitaka. Mimi nikasema hivyo hivyo. Mwanangu mkubwa, wa miaka 19, alinyamaza kitambo akizungusha kijiko, kisha akasema, "Mama, mimi wachukue vyote, ila macho waniachie." Nikamuuliza kwa nini macho. Akasema hajui, hataki tu. Fomu inaruhusu mtu kuchagua. Tumeijaza kwenye simu yake pale pale, nami nimeiandika kauli yake kwa mkono wangu, na macho nimeyaacha nje ya orodha kama alivyosema.

Mama wa watatu,
Birmingham, Uingereza